Mnara wa Pisa na Mawe Yaliyoanguka Kwenye Karatasi

Karibu kila aliyepita darasa la fizikia amesimuliwa hadithi hii. Mwalimu kijana, Galileo Galilei, anapanda ngazi za mnara ulioinama wa Pisa akiwa na mawe mawili, moja zito na jingine jepesi. Chini wamejazana maprofesa waliovaa majoho na wanafunzi wanaonong'onezana. Anayaachia yote mawili kwa mpigo. Yanafika chini pamoja, mshindo mmoja tu. Maprofesa wanafadhaika, wanafunzi wanashangilia, na mafundisho ya Aristotle yaliyotawala karibu miaka elfu mbili yanaporomoka siku hiyohiyo.

Ni hadithi tamu. Ina shujaa, ina wapinzani wake, ina watazamaji, na mnara wenyewe umeinama kana kwamba ulijengwa kwa kazi hiyo. Funzo lake nalo linajulikana: usikubali neno kwa sababu tu mkubwa kasema, nenda ukajaribu mwenyewe. Kusikia si kuona.

Hapo ndipo mimi ninapokwama. Ukiuliza hadithi yenyewe imetoka wapi, nani aliona, nani aliandika, jibu ni kwamba tumeisikia tu. Hadithi inayotukataza kuamini ya kuambiwa tumeiamini kwa kuambiwa! Kwa sisi tunaopenda vitabu, hilo si jambo la kupita hivihivi. Hebu tufuatilie.

Shahidi ambaye hakuwa amezaliwa

Galileo alizaliwa Pisa mwaka 1564, na alifundisha hisabati katika chuo kikuu cha mji huo kuanzia 1589 hadi 1592. Kama aliwahi kudondosha mawe mbele ya hadhara, basi ni katika miaka hiyo. Lakini katika vitabu vyake alivyochapisha hakuna mahali anaposimulia siku hiyo ya mnara wa Pisa. Mtu aliyependa sifa kama Galileo, aliyegombana kwa kalamu na nusu ya wasomi wa Italia, angenyamazia ushindi wa namna hiyo?

Hadithi tunaipata kwa Vincenzo Viviani. Huyu alizaliwa mwaka 1622, yaani miaka thelathini baada ya Galileo kuondoka Pisa. Mwaka 1639, akiwa na umri wa miaka 17, alipelekwa kuishi na Galileo huko Arcetri, nje kidogo ya Florence, awe macho na mkono wa mzee aliyekwisha kuwa kipofu. Galileo alifariki Januari 1642. Viviani aliandika wasifu wa mwalimu wake mwaka 1654, na maandishi hayo yakachapishwa mwaka 1717, wakati Viviani mwenyewe alikuwa kaburini kwa miaka kumi na minne. Humo ndimo anaposema kwamba Galileo alifanya majaribio hayo tena na tena kutoka juu ya mnara wa kengele wa Pisa, mbele ya walimu wenzake na wanafunzi wote.

Viviani hakuwa mwongo. Alikuwa kijana aliyempenda mwalimu wake, naye aliandika kwa desturi ya zama zake, ambapo maisha ya mtu mkubwa yalipambwa kwa matukio yanayoonyesha kipaji tangu ujanani. Huyohuyo ndiye aliyetuachia hadithi ya Galileo kuitazama taa ikibembea ndani ya kanisa kuu la Pisa mwaka 1583, akapima mwendo wake kwa mapigo ya mshipa. Ila taa ambayo wageni huonyeshwa leo ilitundikwa mwaka 1587. Wanahistoria hawajakubaliana kuhusu mnara. Wapo wanaosema huenda kweli mzee alimsimulia kijana jambo fulani lililotokea, wapo wanaosema ni pambo tu. Ushahidi wa pili haujapatikana.

Aristotle hakuwa mjinga

Hadithi ya mnara inamwonea mtu mmoja: Aristotle. Inamfanya aonekane kama mzee aliyeropoka jambo ambalo mtoto yeyote angeweza kulikanusha kwa kudondosha kokoto.

Hebu kaa chini ya mwembe. Embe likikatika linashuka moja kwa moja, pu! Jani likikatika linayumba, linajizungusha, linatua kwa wakati wake. Dondosha sarafu ndani ya maji, kisha dondosha punje ya mchanga, sarafu inatangulia. Hewa na maji vipo, na Aristotle aliandika juu ya dunia yenye hewa na maji. Alichosema, katika karne ya nne kabla ya Kristo, ni kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi, na kwamba upesi huo hulingana na uzito wake. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo macho yanaikubali kila siku. Matata yamo katika nusu ya pili. Kama uzito ukizidi mara kumi mwendo nao unazidi mara kumi, basi jiwe la kilo kumi lingekuwa limekwisha kufika chini huku la kilo moja limepita sehemu moja tu ya kumi ya safari.

Kumbe hilo lilipingwa zamani sana, tena katika bara letu. Katika karne ya 6 aliishi Aleksandria, Misri, msomi aliyeitwa John Philoponus. Katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Aristotle aliandika kwamba ukidondosha vitu viwili vinavyotofautiana sana kwa uzito kutoka mahali pamoja, utaona tofauti ya muda ni ndogo mno. Hiyo ni miaka karibu elfu moja kabla ya Galileo. Hakuna mnara uliobeba jina lake.

Mshindo mmoja huko Delft

Jaribio la kudondosha ambalo lina maandishi ya mtu aliyelifanya halikutokea Italia. Lilitokea Uholanzi. Simon Stevin, mhandisi, pamoja na rafiki yake Jan Cornets de Groot, walichukua matufe mawili ya risasi (nasema madini ya risasi, si za bunduki), moja likiwa na uzito mara kumi ya jingine. Waliyaachia kwa pamoja kutoka urefu wa futi 30 juu ya ubao. Badala ya kutegemea macho, walitegemea masikio: ubao ulitoa sauti kama moja. Stevin alilichapisha hilo mwaka 1586, Galileo akiwa bado hajapata hata hiyo kazi ya kufundisha Pisa.

Stevin ananivutia kwa sababu nyingine pia. Aliandika kwa Kiholanzi, wakati wasomi wa Ulaya waliandikiana kwa Kilatini, na alishikilia kwamba lugha ya nyumbani kwao inafaa kabisa kwa sayansi. Pale palipokosekana neno alilitunga. Neno ambalo Waholanzi wanalitumia hadi leo kwa maana ya hisabati limeenezwa na yeye. Galileo naye vitabu vyake vikubwa aliviandika kwa Kiitaliano, ili fundi na mfanyabiashara wasibaki nje ya mlango. Sisi tunaoambiwa kila mara ati Kiswahili hakitoshi kwa fizikia tungewakumbuka watu hawa wawili. Tungamo, mchapuko, msuguano na ombwe vimo katika kamusi zetu. Vinasubiri kuandikiwa kitu.

Ubao, gololi na maji

Sasa Galileo mwenyewe alifanya nini? Akiwa bado Pisa aliandika rasimu juu ya mwendo ambayo hakuichapisha. Humo anadai jambo la ajabu: kwamba ukidondosha mti na risasi, mti hutangulia mwanzoni, kisha risasi huupita. Watu waliosoma hilo walicheka kwa muda mrefu. Baadaye, watafiti wa karne ya 20 waliporudia kudondosha kwa mikono, waliona kweli chepesi kikitangulia: mkono ulioshika kitu kizito unakuwa umekaza na unachelewa kidogo kuachia, hata mwenye mkono akiapa kwamba ameachia vyote sawia. Kwa hiyo Galileo aliangalia kweli. Alichokiona kilikuwa uchovu wa misuli, si sheria ya maumbile. Na hapo unaelewa kwa nini mnara hausaidii sana. Kutoka juu ya mnara wa Pisa, wenye urefu wa karibu mita 56, kitu kinafika chini katika sekunde tatu na kidogo. Wakati huo hakukuwa na saa ya kupima sekunde. Ungeona nini zaidi ya vumbi?

Akili yake ilikuwa kupunguza mwendo. Kitu kinachoanguka kinakwenda upesi mno, basi kikateremke polepole kwenye mteremko. Alichukua ubao mrefu wa karibu mita saba, akauchimba mfereji mwembamba ulionyooka, akautandika ngozi iliyolainishwa, akainua upande mmoja, akaachia gololi ya shaba ishuke. Muda aliupima kwa maji: chombo kikubwa chenye bomba jembamba, maji yanakingwa kwenye bilauri tangu gololi inapoanza hadi inapofika, kisha yanapimwa kwenye mizani. Maji mengi, muda mrefu. Anasema alirudia mara mia nzima.

Matokeo yake ni mazuri kama wimbo. Gawa muda katika vipande vilivyo sawa. Kama katika kipande cha kwanza gololi imekwenda hatua moja, katika cha pili itakwenda tatu, cha tatu tano, cha nne saba. Witiri tupu. Jumlisha: moja, nne, tisa, kumi na sita. Umbali unakua kwa mraba wa muda. Inua ubao, mteremko uwe mkali zaidi, mpangilio ni uleule. Fikiria umesimama wima, na hiyo ndiyo habari ya kitu kinachoanguka. Kitu hakishuki kwa mwendo mmoja. Kila sekunde kinaongeza.

Kwa vipimo vya leo: bila kuhesabu hewa, sekunde ya kwanza kitu huanguka mita 4.9, ya pili 14.7, ya tatu 24.5. Nazi iliyokatika kwenye mnazi wa mita 20 inafika chini kwa sekunde mbili, na wakati huo inakwenda karibu kilomita 70 kwa saa. Wanaokataa kulala chini ya mnazi hawahitaji Galileo.

Je, na hili la ubao tumelisikia tu? Nalo lilitiliwa shaka. Katika karne ya 20 walikuwapo wasomi wakubwa waliosema Galileo aliyabuni majaribio haya mezani. Lakini mwaka 1961 mwanafunzi mmoja wa historia ya sayansi, Thomas Settle, alikitengeneza chombo kilekile kwa vifaa vya kawaida, akapata matokeo yenye usahihi aliodai Galileo. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Stillman Drake alipekua karatasi za Galileo zilizohifadhiwa Maktaba Kuu ya Taifa ya Florence, akachapisha kurasa zenye michoro na namba za majaribio ya gololi. Sio masimulizi ya mwanafunzi aliyempenda. Ni hesabu za mtu aliyekuwa kazini.

Mawe yaliyofungwa kamba

Jibu lake lote alilitoa mwaka 1638, katika kitabu chake cha mwisho juu ya sayansi mbili mpya. Baraza la Kanisa lilikuwa limemhukumu mwaka 1633, yumo katika kifungo cha nyumbani, maandishi yake yamepigwa marufuku. Kitabu kikapigwa chapa Leiden, Uholanzi. Na kwa msomaji wa fasihi utamu ni huu: kimeandikwa kama mazungumzo. Watu watatu wanabishana kwa siku nne. Salviati anamsemea mwandishi, Sagredo ni mtu mwerevu mwenye kuuliza, na Simplicio anamtetea Aristotle.

Humo ndimo ilimo hoja ninayoiona nzito kuliko mnara wowote. Nitaieleza kwa maneno yangu. Tuseme jiwe kubwa huanguka upesi, dogo polepole. Haya, yafunge pamoja kwa kamba. Jiwe dogo, kwa kuwa ni mvivu, litalichelewesha kubwa. Kwa hiyo mzigo wote utashuka polepole kuliko jiwe kubwa likiwa peke yake. Lakini ngoja. Mawe mawili yaliyofungwa pamoja ni mazito kuliko jiwe kubwa peke yake. Kwa hiyo mzigo wote utashuka upesi kuliko jiwe kubwa. Sentensi mbili, zote zimetoka kwenye kauli ileile, na haziwezi kuwa kweli pamoja. Kauli imejikaba yenyewe. Hakuna aliyepanda ngazi wala aliyedondosha kitu.

Tena Galileo hadanganyi kwamba vitu vizito na vyepesi hufika pamoja barabara. Salviati anakubali kwamba tufe kubwa hutangulia kwa upana wa vidole viwili. Kisha anamgeukia Simplicio: yaani unazificha dhiraa 99 za Aristotle nyuma ya vidole vyangu viwili? Hivyo vidole viwili ni deni la hewa, na ukiiondoa hewa litafutika. Ukilinganisha na mshindo mmoja wa kwenye hadithi, utaona mwandishi mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko wasimulizi wake.

Mnara wa kweli

Kama tunautaka mnara lazima, upo. Uko Bologna, unaitwa Asinelli, una urefu wa karibu mita 97. Katika miaka ya 1640 padre Mjesuti, Giovanni Battista Riccioli, alifanya kazi hapo na wenzake, akiwemo Francesco Maria Grimaldi. Ili wapate saa ya kuaminika, walihesabu mabembeo ya pendulumu, yaani uzito uliotundikwa kwenye uzi, kwa zamu, mchana na usiku. Si mchezo. Ndipo wakaanza kudondosha matufe.

Riccioli hakuwa mfuasi wa Galileo. Aliitetea dunia isiyozunguka, na alitarajia kumkuta Galileo na kosa. Alichokikuta ni witiri zilezile: moja, tatu, tano, saba. Mwaka 1651 aliyachapisha matokeo yanayomuunga mkono mpinzani wake. Aliandika pia kwamba matufe ya uzito tofauti hayafiki sawasawa kabisa, zito likitangulia kidogo, jambo ambalo hewa inatosha kulieleza. Kwangu huyu ndiye anayestahili kusimuliwa darasani: mtu aliyekwenda mnarani akitaka jibu moja, akarudi na jingine, akaliandika lilivyo.

Mikokoteni miwili

Sababu ya yote hayo ilikuja na Isaac Newton mwaka 1687. (Tufaha lake nalo tunalo kwa masimulizi ya uzeeni, ila lenyewe walau alilisimulia mwenyewe.) Fikiria mikokoteni miwili. Mmoja una gunia moja na unasukumwa na mtu mmoja. Mwingine una magunia kumi na unasukumwa na watu kumi wa nguvu ileile. Bila msuguano, itakwenda sambamba. Ndivyo ilivyo kwa mawe. Jiwe la kilo kumi linavutwa na dunia mara kumi zaidi, lakini pia ni gumu mara kumi kuling'oa lilipo. Tungamo linavutwa, na tungamo hilohilo linakaidi. Kwa nini vipimo hivi viwili viwe sawa? Newton alikubali kwamba ni sawa. Einstein alilichukua swali hilo mwaka 1907, na kutoka hapo ikaja nadharia yake ya mvutano. Mwaka 2022 watafiti wa setilaiti ya Ufaransa iitwayo MICROSCOPE walitangaza kwamba titani na platini huanguka sawa hadi kufikia sehemu moja katika trilioni elfu moja. Bado watu wanadondosha vitu.

Onyesho lenyewe la hadhara, lile la kusimuliwa, lilifanyika tarehe 2 Agosti 1971, mahali pasipo hewa. Mwanaanga David Scott wa Apollo 15, amesimama juu ya Mwezi, aliachia nyundo kwa mkono mmoja na unyoya wa kozi kwa mwingine. Vilifika pamoja. Akamtaja Galileo. Na hili lina picha.

Siku hiyohiyo, setilaiti moja ilikuwa ikianguka juu ya vichwa vyetu. Jina lake Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka kituo cha Waitaliano cha San Marco kilichosimama baharini kaskazini ya Malindi, na ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Nasema ikianguka kwa makusudi. Katika urefu ule mvutano wa dunia haujaisha. Ungalipo zaidi ya asilimia 80. Setilaiti inaanguka muda wote, ila inakwenda pembeni upesi mno hata dunia inajipinda chini yake kabla hawajakutana. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Vidole viwili vya hewa vilivyobaki huko juu viliishusha polepole, mpaka ikatumbukia mwaka 1979.

Sisemi hadithi ya Pisa ifutwe. Hadithi njema hubeba jambo kichwani mwa mtoto mahali ambapo hesabu zingemwagika. Lakini inapunja. Inatuambia ukweli unapatikana asubuhi moja, kwa mtu mmoja, mbele ya makofi. Inamwacha Philoponus Aleksandria, Stevin na ubao wake, mapadre wanaohesabu mabembeo usiku wa manane, na Galileo mwenyewe akipima maji kwa mara ya mia.

Kwa hiyo msomaji, usiniamini na mimi. Chukua kitabu na karatasi moja isiyozidi ukubwa wa jalada lake. Vidondoshe upande kwa upande. Kitabu kitatangulia, na Aristotle atatabasamu. Halafu iweke karatasi juu ya kitabu, bila gundi, bila kuishika, ukiachie kitabu kikiwa kimelala sawa. Angalia karatasi inakofika, na inafika na nani.